Mabati ya Jikoni

Mabati yalikuwa ya jiko. Kijiji kizima kilijua hivyo, kwa sababu mama yangu alikuwa amelilalamikia lile jiko la nyasi tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, na bonasi ya chai ilipotoka safari hii hakununua kitu kingine chochote. Aliyasimamisha ukutani yakimeta, na kila aliyepita kupeleka maziwa aliyaona na kumpongeza. Kisha mwezi wa pili, jua likiwa kali na fundi ameshafika na misumari mfukoni, mama akamwambia ayateremshe mpaka nyuma ya banda la ng'ombe. Huko ndiko alikotaka paa. Alitaka kuezekea mavi.

Fundi Benard alinitazama mimi, kama mtu anayemtafuta mwanamume wa boma amwokoe. Nilimtazama vile vile. Nikabeba bati la kwanza kichwani, nikateremka.

Wanaoisimulia habari hii huko Mogogosiek huanzia hapo kwenye mabati, ili wapate kucheka haraka. Haikuanzia hapo. Ilianzia kwa ng'ombe.

Ng'ombe wetu Chelel si wetu. Baba alipofariki, rafiki yake Kipngeno, ambaye walitahiriwa naye msimu mmoja, alimleta Chelel kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto akamkabidhi mama. Sisi Wakipsigis tunaiita kimanagan. Mwenye ng'ombe anamweka mnyama wake kwa rafiki. Maziwa ni ya anayetunza, na samadi ni yake, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenyewe. Hakuna karatasi inayoandikwa. Kuna neno lililosemwa, na kuna jicho la mwenye ng'ombe, ambaye anaweza kuja siku yoyote, akamtazama mnyama wake na kuamua.

Kipngeno alikuja mwezi wa kwanza, katikati ya kiangazi. Alikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando wa kibuyu, akaulizia chai, akaulizia kanisa, akaulizia goti bovu la mama. Kuhusu ng'ombe hakusema neno mpaka alipofika langoni, ndipo akageuka.

"Bot Kiplangat," alisema, maana hivyo ndivyo wazee wanavyomwita mama, kwa jina langu mimi mzaliwa wake. "Ng'ombe yangu imekuwa kama ngazi. Mtu anaweza kupanda kwa mbavu. Nitarudi mvua ndefu ikitulia. Nikiipata hivi, nitakuwa na kamba."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika ningepata la kumjibu. Alikuwa na haki, na alisikitika, na alimaanisha. Maziwa ya Chelel ndiyo yaliyokuwa yakituamsha na kutulaza. Ya asubuhi yalikwenda kwa chama cha ushirika, ya jioni yalibaki nyumbani. Bila yeye tungebaki na kishamba cha chai na goti la mama.

Chelel hakuwa mgonjwa. Alikuwa na njaa. Nepia yetu, nyasi ndefu ya kulishia ng'ombe, ilikuwa imechoka, majani membamba ya rangi ya manjano, unakata leo na ikija kuchipua umeshasahau kama ulikata. Kiangazi kikibana tulinunua nepia kwa jirani yetu wa chini, Robert. Huyu Robert hana ng'ombe hata mmoja. Ana nepia tu, kando ya ua unaopakana na sisi, nene kama miwa na nyeusi kwa ukijani. Akiulizwa siri yake alikuwa anainua kiganja na kusema kwamba mkono wake umebarikiwa.

Siku chache baada ya Kipngeno kuondoka ikapita mvua moja ya kupotea njia, ile inayonyesha kidogo na kukimbia. Mimi nilikuwa ndani. Mama alikuwa bandani, na aliyaona maji yakitoka chini ya miguu ya Chelel, meusi, yakibeba mkojo na mavi, yakazunguka rundo la samadi lililokuwa wazi na kuongeza mzigo, kisha yakashika mteremko. Akayafuata. Mtu mwingine angeingia ndani kujikinga. Yeye aliyafuata kwa mabuti yake ya mpira, na goti lake lile bovu, mpaka uani kwa Robert. Akaniita. Nilimkuta amesimama mvuani anacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Kiplangat, miaka yote hii tumekuwa tukinunua nini kwa Robert?"

"Nepia, mama."

"Mkojo wa Chelel. Tumekuwa tukiununua tena."

Kuanzia siku ile sikumwona akitulia. Chama cha ushirika kina afisa wa kilimo anayeitwa Phyllis, ambaye huzunguka vijijini kwa pikipiki, na watu wengi humsikiliza kwa adabu halafu wakaendelea na yao. Mama alimvizia penye kituo cha maziwa, akampandisha mpaka bandani kwetu, akamhoji kama hakimu. Nguvu ya samadi inakwenda wapi? Phyllis alimwambia kwamba sehemu kubwa imo kwenye mkojo, ule ule tuliokuwa tunauacha uende. Ile inayobaki, jua na upepo huipandisha hewani, na mvua huisukuma mtoni. Akasema tuipe sakafu ngumu isiyonyonya, paa juu, kifuniko, na siku ya kuitia shambani tuizike saa ile ile. Mama akamuuliza paa la nini. Phyllis akasema hata nyasi zinafaa. Mama akayatazama mabati yake ukutani. Nilimwona akiyatazama, nikajua jiko limekwisha.

Huku kwetu, mtu akitaka kuisifu samadi, husema inanuka mpaka barabarani. Wazee wanaamini hivyo, na vijana wanaamini kwa sababu wazee wanaamini. Asubuhi ya baridi utawaona wanaume wakipindua rundo kwa jembe la meno ili moshi upande, kisha wanasimama kando, mikono kiunoni, wakiutazama moshi ule kwa fahari, kama mtu anayetazama mtoto wake akiimba kanisani. Moshi ukiwa mzito, samadi ina nguvu. Mama alikuwa mtu wa kwanza kwenye kilima chetu kuutazama moshi ule na kuuliza unakwenda wapi.

Basi tulifanya kazi. Tulichimbua chini ya banda, tukatandaza murram, ule udongo mwekundu wa barabara, tukaipiga na udongo wa mfinyanzi mpaka ikawa ngumu kama barabara, ikiwa imeinamia upande mmoja. Upande ule tukachimba mtaro unaoelekea kwenye pipa lililofukiwa hadi shingoni, lenye kifuniko. Chini ya Chelel tukamwaga mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa, yanywe mkojo yanaoweza kunywa, na uliobaki uende kwenye pipa. Kila asubuhi tulikusanya mavi pamoja na mabua yale, tukayapeleka chini ya mabati, tukayashindilia kwa miguu na kuyafunika kwa magunia ya zamani. Mimi nilitaka kuyapindua ili yaive haraka. Mama akaninyang'anya jembe. Akasema nisilifungue rundo, liko kazini.

Robert alituona, bila shaka. Alikuwa wa kwanza kucheka kwa sababu alikuwa wa kwanza kupoteza. Siku moja penye kituo cha maziwa, watu wamejaa na mikebe yao, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Huyu mama analala kwa nyasi, mavi yake yanalala kwa mabati. Kiplangat, wewe umehamia nyumba gani?"

Watu wakacheka. Mimi si mtu wa kutupiwa neno nikalimeza. Niliweka mkebe chini na nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati, mbele ya Robert, ambaye ghafla alikumbuka kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Mama akanishika kiwiko. Hakuinua sauti.

"Hiyo hasira ifunike," aliniambia. "Usiimwage hapa kwa watu. Nina mifereji ya kuchimbwa leo jioni."

Nikachimba. Sijawahi kuchimba kama siku ile. Kila nilipoinua jembe niliuona uso wa Robert, na kila liliposhuka mama alikuwa nyuma yangu na karai.

Mvua ndefu ilipokaribia, boma zote zilitoa samadi. Huo nao ni mtindo wetu. Watu wanaibeba kwa wilbaro, wanaimwaga juu ya shamba vilima vilima, wanaiacha pale izoee, wakingoja mvua iizamishe. Unapita barabarani unasikia harufu kutoka kilima hiki hadi kile. Mama alifanya kinyume. Tulitoa samadi alasiri jua likiwa limelegea, kidogo kidogo, kiasi cha mifereji iliyokuwa wazi siku hiyo tu. Tulitia kati ya mistari ya nepia, na kabla karai halijapoa tulikuwa tumefukia. Maji ya pipa tuliyazimua kwa maji ya mto, tukamimina mferejini karibu na mizizi, tukafukia nayo. Rundo lilipofika nusu akasema basi. Nusu nyingine ibaki chini ya paa mpaka tukate nepia mara ya kwanza, kwa kuwa mtu hali chakula cha mwaka kwa siku moja. Majirani waliona samadi nusu imebaki, wakasema mama sasa anaihifadhi kama mahindi ya ghala.

Mvua ikaja, na nepia yetu ikaanza kubadilika. Majani yalipanuka. Manjano yakaondoka. Chelel akaanza kupata shibe ya jioni, na mimi nikaanza kutembea njiani kifua mbele, naomba Mungu anikutanishe na Robert.

Kisha ikaja ile alasiri ya mvua ya mawe.

Mvua ya mawe kwetu si mgeni. Tunakaa nayo kama watu wanavyokaa na ndugu mlevi, hujui siku atakayoingia wala atakachovunja. Ile ya mwaka huu iliingia na upepo. Tulikuwa jikoni. Mawe yalipenya paa la nyasi, maji yakaanguka mekoni, moto ukafa kwa sauti ya kukoroma. Mama hakutazama moto. Alikuwa amegeuza kichwa, anasikiliza. Kule chini bati moja lilikuwa limelegea na linapiga, pa, pa, pa.

Nilimwambia angoje. Nilisema ni bati tu. Alikuwa ameshavaa sufuria kichwani na kushika mlango.

Nimewaona watu wanaosifiwa kwa ushujaa. Nimewaona wanariadha wakirudi Bomet na medali, watu wakiwabeba mabegani. Sijaona kitu kama mama yangu akiteremka ule mteremko, sufuria ikilia kichwani mwake kwa mawe kama ngoma, goti likimkatalia na yeye akilivuta, mabuti yakiteleza juu ya barafu nyeupe. Nilimfuata nimefunika kichwa kwa karai. Tulipofika, upepo ulikuwa umeinua ukingo wa bati na kulikunja, na mvua ilikuwa inatafuta njia ya kuingia kwenye rundo. Nililipanda. Nililalia bati lile kwa tumbo, mawe yakinipiga mgongoni, nikitukana kila kitu nilichokijua. Mama alitafuta kamba. Hapakuwa na kamba. Akaingia bandani, akaifungua kamba ya Chelel shingoni, akaja akaipitisha juu ya bati na chini ya boriti, akaivuta kwa uzito wa mwili wake wote, akafunga. Chelel alibaki amesimama bandani bila kamba, anatutazama. Hakuondoka. Angekwenda wapi?

Mawe yalipokoma tulisimama tukatazama ng'ambo. Chai yote ilikuwa imechunwa majani, fito tupu. Nepia ilikuwa imechanika, yetu na ya kila mtu. Na kwenye kila mteremko samadi iliyokuwa imelazwa juu ya mashamba ilikuwa inateremka, mikondo myeusi, ikiingia mtoni, na mto wenyewe ukapita chini yetu ukiwa rangi ya kahawa, unaenda na msimu mzima wa watu. Nilitaka kucheka. Nilimtazama mama, nikaona hacheki, nami nikaacha.

Aliinua gunia akatia mkono kwenye rundo. Ukatoka mkavu.

Kesho yake tulikata nepia yote iliyochanika, tukamlisha Chelel, tukafungua mifereji, tukazika ile nusu iliyobaki. Mvua za kawaida ziliporudi, visiki vyetu vilichipua kama vina hasira. Vya majirani vilitoka polepole, vimekonda. Vya Robert vilikonda kuliko vyote, maana maji ya Chelel hayakuwa yakishuka kwake tena. Alikuja uani siku moja, akakohoa, akamwambia mama kwamba ule mtaro wetu umeziba njia ya maji ya asili, na kama majirani wema tungeufungua. Mama aliendelea kukata nepia.

"Robert," alimwambia, "wewe una mkono uliobarikiwa. Sasa nunua ng'ombe wa kuusaidia."

Nililiimba neno hilo wiki nzima.

Lakini la Kipngeno lilikuwa bado. Mvua ilipotulia alikuja, kama alivyoahidi, akipanda kutoka mtoni. Alikuwa na kamba mpya begani, ya katani, imezungushwa vizuri. Sura yake ilikuwa imechoka. Tulishasikia kwamba mawe yalimpiga vibaya kuliko sisi, na kwamba ng'ombe wake wa nyumbani wanakula maganda ya ndizi.

Safari hii hakuulizia chai wala kanisa. Alikwenda moja kwa moja bandani. Akamzunguka Chelel. Akapitisha kiganja ubavuni, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha pale, asikione. Mbavu zilikuwa zimekwenda ndani ya nyama. Akatazama kiwele. Akatazama shingo.

"Ng'ombe yangu haina kamba," alisema.

Mama akamwonyesha juu. Kamba ya Chelel ilikuwa bado imeshika bati, imekauka na kukaza. Akamweleza kwa maneno machache. Kipngeno akaomba aonyeshwe kinacholindwa namna hiyo. Mama akafunua magunia, palikuwa na rundo jipya tulilokuwa tumeanza. Mzee akachota kwa mkono, akainusa. Akanusa tena. Nikaona uso wake ukianguka kwa huruma.

"Bot Kiplangat, pole. Hii imekufa. Hainuki."

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama, nikaufunga.

"Ile unayoinusa kwako," alisema mama, "imeshatoka. Ni ile ambayo shamba lako halitaiona tena. Hii yangu bado imo ndani. Njoo uone inapokwenda."

Akamteremsha mpaka kwenye nepia. Ilikuwa imempita Kipngeno kimo, naye si mtu mfupi. Aliingia kati ya mistari akapotea, tukawa tunaona tu majani yakitikisika. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka mikono yake ilikuwa na udongo. Alikuwa amechimbua mfereji kwa vidole kutazama. Akaikung'uta mikono, na mama akainama kung'oa gugu. Nadhani nilikuwa mimi peke yangu niliyekuwa ninakufa pale.

Mvua ikaanza, ile nyepesi ya jioni. Tukakimbilia jikoni, mama akamimina chai. Jiko lilikuwa linavuja, bila shaka. Tone moja lilimwangukia Kipngeno kwenye kofia. Akasogeza kigoda. Likamfuata jingine, likamwingia kwenye kikombe. Akasogea tena, mpaka akawa amebanana na mimi ukutani.

"Mavi yako," alisema, "yanalala pazuri kuliko mgeni wako."

"Mgeni wangu alikuja na kamba," mama akamjibu. "Mavi yalikuja na mikono mitupu."

Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaishusha kamba begani, akaishika kwa muda, akiizungusha vidoleni. Nikaona mama ameacha kupuliza moto.

"Mfunge Chelel na hii," alisema, akampa. "Ile yake iache ishike bati. Na kesho nitamtuma mwanangu Kipngetich aje na jembe, huyu mtoto wako amwonyeshe hiyo mifereji. Lakini asimpige. Nimesikia ana hasira."

Mama alisema hasira yangu siku hizi inafunikwa. Alikuwa ameishika ile kamba kwa mikono miwili, juu ya mapaja, na tone lilikuwa likimdondokea begani, na hakusogea.